Mzinga mmoja, zama mbili: namna ya kusubu mfano wa mzinga wa ngome kwa shaba nyeusi

Kabla hujanunua hata kilo moja ya chakavu, amua mzinga wako ni wa mwaka gani. Nimeona mifano mingi ya mizinga kwenye meza za watu, na mingi inachanganya mambo. Mgongoni kuna mishikio miwili ya kunyanyulia kama mizinga ya miaka ya 1780, mdomoni kuna michirizi ya 1858 (mifereji ya ndani ya tundu inayozungusha kombora), na yote yanang'aa kana kwamba yalitoka kiwandani siku moja. Mizinga yenye vyote viwili ilikuwepo kweli, lakini ilifika hapo kwa hatua, na kila hatua iliacha kovu kwenye shaba. Mimi nataka makovu hayo yaonekane. Ndiyo maana nasubu mitutu miwili kwa kalibu za namna moja: mmoja nauacha wa kale, wa pili naufanyia yaleyale waliyoufanyia mafundi wa karne ya 19.

Mimi ni mkereza vyuma hapa Katwe, Kampala. Nilizaliwa Bombo katika nyumba ya Wanubi. Jikoni tulisema Kinubi, barazani Kiswahili, na marehemu baba alikuwa fundi wa silaha jeshini. Kazi hii nilipewa na mjomba wangu, sajini mstaafu, anayewasaidia vijana wa shule moja katika somo la historia. Aliniambia, “Mwanangu, hawa wanajua Kapteni Lugard wa Waingereza alikuja na bunduki ya rashasha, Maxim. Kilichokuwepo kabla ya Maxim hawakijui.”

Alisema kweli, na jambo lenyewe linatuhusu. Mwingereza Samuel Baker alipotumwa na Khedive Ismail, mtawala wa Misri, kuupanda Nile, safari iliyomfikisha Patiko, kaskazini ya Gulu, ambako boma lake la 1872 bado lina mawe yaliyosimama, orodha ya msafara wake ilikuwa na mizinga ya milimani ya shaba nyeusi yenye michirizi. Mtutu mmoja ulikuwa na uzito wa ratili 230, karibu kilo 104, na kombora lake ratili 8 na robo. Hao walikuwa wadogo, wa kubebeka mgongoni mwa mnyama. Kaka zao wakubwa walikaa juu ya kuta za ngome za Ulaya, na ndio tunaowafuata hapa.

Nimechagua mzinga wa Kifaransa wa “kumi na sita”, ulioitwa hivyo kwa uzito wa tufe lake katika ratili za Kifaransa za zamani. Tundu lake lilikuwa na upana wa milimita 133.7. Mwaka 1874 afisa Verchère de Reffye alileta mzinga wa shaba nyeusi wa milimita 138, unaojazwa kwa nyuma. Tazama hizo namba mbili: kati yake kuna milimita nne na kidogo, kiasi cha kukwangua ngozi ya ndani iliyochakaa na kupata shaba safi. Ukipunguza mara kumi unapata keekee ya milimita 13 na ya milimita 14, nazo zipo duka lolote la vifaa.

Vipimo vilivyobaki huvipata kwa upana wa tundu, kama mafundi wa kale walivyofanya. Urefu ni mara 24 ya tundu, yaani milimita 320. Unene wa nje kitakoni ni mara tatu, milimita 40. Shingoni karibu na mdomo ni mara mbili, milimita 27. Masikio mawili ya pembeni, yale yanayolala juu ya gari la mzinga, yana kipenyo cha tundu moja na urefu wa tundu moja, na hukaa kwenye sehemu tatu kati ya saba za urefu ukianzia kitakoni: milimita 137. Usiyapeleke katikati kabisa. Kitako lazima kiwe kizito kuliko mdomo, la sivyo mzinga unainama mbele ukiwekwa kwenye gari lake.

Jambo moja halina mjadala. Mfano huu hautapiga kitu chochote, kamwe. Tundu la mdomoni linaingia milimita 60 tu, katikati ya mtutu pabaki shaba tupu, na mahali pa tundu la kuwashia unaweka kishimo cha milimita mbili kisichofika popote. Sheria ya silaha nchini haijali kama wewe ni mpenda historia, na shaba iliyosubiwa uani ina mapovu ndani usiyoyaona. Baba alinifundisha kuogopa mtutu usiojulikana umetoka wapi, na bado naogopa.

Shaba, na shaba inayojifanya

Shaba nyeusi ya mizinga ni shaba nyekundu iliyochanganywa na bati. Wafaransa walitumia sehemu 11 za bati kwa kila sehemu 100 za shaba. Kwa mtutu mmoja wa vipimo hivi, pamoja na njia ya kumiminia na kichwa cha juu, yeyusha kilo 4, yaani kilo 3.6 za shaba na gramu 400 za bati. Bati ninalosema si lile la kuezekea nyumba, ambalo ni chuma kilichopakwa zinki. Waya wa kulehemu wa mafundi redio nao mara nyingi una risasi ndani. Kwa hiyo mimi sichanganyi mwenyewe. Natafuta shaba ambayo tayari ina bati: bushi kuukuu za malori na panga za pampu za maji. Katwe na Kisenyi ukiuliza shaba ya bushi utaeleweka.

Ila ujue kuitambua. Piga tupa pembeni utazame rangi. Shaba nyeusi ina wekundu uliofifia, kama ngozi ya kitunguu. Shaba ya njano, ile ya mabomba na kufuli, ina manjano ya limau hata ukiikwangua ndani, na hiyo imejaa zinki. Muuzaji mmoja wa chakavu aliniuzia bushi zilizopigwa msasa zikapendeza, sikupiga tupa. Zilipoyeyuka ulitoka moshi mweupe mzito kama pamba, na usiku ule nililala na homa ya kutetemeka, mdomo una ladha ya sarafu. Huo ni moshi wa zinki. Mafundi wengi hapa hunywa maziwa wakiamini yanazuia. Hayazuii. Kinachozuia ni kutoyeyusha njano, kukaa upande upepo unakotoka, na kufanya kazi nje.

Usinunue kabisa nyaya wala vipande vya transfoma visivyo na maelezo. Mji mzima hukaa gizani kwa sababu ya chakavu hicho.

Kwa nini ngome zilitaka shaba wakati chuma kilikuwa rahisi kwa mbali? Kwanza, chuma cha kusubu kikichoka hupasuka ghafla na kuua waliokizunguka, lakini shaba huvimba kwanza, ikakupa onyo. Pili, mzinga wa ngome hukaa nje miaka hamsini, mia, bila kufanya kazi. Ukifika Ngome ya Yesu, Mombasa, utaona chuma cha zamani kilivyoliwa na upepo wa chumvi. Kisha vuka Zanzibar ukatazame mizinga miwili ya shaba ya Beit al-Ajaib. Ni ya Wareno, ya karne ya 16. Waajemi waliiteka Hormuz mwaka 1622 wakaongeza maandishi yao, na hadi leo nembo ya Ureno inasomeka. Tatu, na hili fundi yeyote wa Katwe atalielewa haraka, shaba haitupwi. Mzinga uliopitwa na wakati ni kilo elfu mbili za malighafi zilizosimama juu ya ukuta zikisubiri kuyeyushwa au kuchongwa upya.

Ubaya wake ni mmoja, lakini mkubwa: ni laini. Tufe la chuma liliruka ndani ya tundu na kulibonyeza. Joto la baruti likizidi karibu na tundu la kuwashia, bati huyeyuka mapema na kuacha vishimo. Hadithi nzima ya kuifanya mizinga hii iwe ya kisasa ni hadithi ya watu wanaopigana na ulaini huo.

Umbo la mti na kalibu

Chonga umbo kwa mti mkavu. Mimi natumia mfenesi, kwa kuwa haupasuki ovyo na unakerezeka vizuri. Gundisha mbao mbili kwa karatasi katikati, kereza, halafu zitenganishe kwa patasi upate nusu mbili zinazokutana kwa vijiti viwili. Mstari wa kutenganisha upite katikati ya masikio yote mawili. Shaba ikipoa hujikunja karibu asilimia moja na nusu, hivyo umbo liwe na milimita 325 ili mtutu upate 320. Mdomoni ongeza kipande cha milimita 60, kinene kuliko shingo. Hicho ndicho kichwa, na nitakieleza.

Mishikio ya mgongoni, ambayo mafundi wa Ulaya waliichonga kwa umbo la pomboo, gundisha kwenye umbo la mtutu wa kwanza tu. Usiache mwanya chini yake. Mchanga ulio chini ya mshikio hubomoka ukitoa umbo, nami nimepoteza kalibu tatu kwa kutaka uzuri. Ijaze yote, utatoboa na kupiga tupa baadaye.

Wazee wa kazi hii huko Ulaya walitengeneza kalibu za udongo uliochanganywa na mavi ya farasi na nywele za wanyama, kama mtu anayekandika nyumba, wakazikausha kwa moto siku nyingi. Sisi tunatumia mchanga. Chekecha mchanga laini wa ziwani, changanya ndoo tisa kwa moja ya udongo mfinyanzi uliosagwa, nyunyiza maji kidogo kidogo. Shika donge la mchanga, lifinye, livunje vipande viwili. Likivunjika kwa ukingo mkali bila kumwagika, uko sawa. Likiacha maji kiganjani, ongeza mchanga mkavu na ungoje.

Shindilia nusu ya kwanza ndani ya fremu ya mbao, nyunyiza majivu laini yaliyochekechwa, weka nusu ya pili, shindilia. Fungua, toa umbo, kisha chora njia ya kumiminia pembeni. Ianzie juu, ishuke sambamba na mtutu, iingie chini kabisa karibu na kitako. Watu wengi wa masufuria ya alumini hulaza kalibu. Mzinga usiulaze. Funga fremu kwa kamba ya waya, isimamishe wima, mdomo juu na kitako chini, kwa sababu ndivyo mizinga yenyewe ilivyosubiwa. Shaba inayopanda polepole kutoka chini inasukuma hewa na takataka juu, zikaishie kwenye kichwa. Uzito wa kichwa nao unaibana shaba ya chini wakati inaganda, na kitako, penye hatari zaidi, kinapata shaba nzito isiyo na mapovu. Kwenye mzinga halisi kichwa hicho kilikuwa na mamia ya kilo, na baadaye kilikatwa chote kikarudi tanurini.

Sasa kausha. Pasha uso wa ndani kwa makaa kwenye karai hadi mchanga ubadilike rangi, halafu acha kalibu usiku kucha mahali pakavu. Hapa sitaki uharakishe. Kalibu yangu ya kwanza niliipa saa mbili tu, kulikuwa na mvua za Aprili, na shaba ilipogusa unyevu ilirudi juu kama chemchemi. Kijana aliyenisaidia alikuwa amesimama hatua nne nyuma kwa sababu nilimwambia asimame hapo. Tone moja la maji chini ya shaba iliyoyeyuka linageuka mvuke mara moja, na mvuke hauombi njia.

Kumimina

Tanuri langu ni pipa lililokatwa, ndani limekandikwa udongo wa kichuguu, chini kuna feni ya umeme. Chungu cha kuyeyushia kiwe cha grafiti. Usitumie bomba la chuma. Kwa alumini linakubali, kwa joto hili halina uaminifu. Shaba nyekundu peke yake huyeyuka kwa nyuzi 1,085 za Selsiasi, bati kwa 232 tu. Ukiwa unachanganya mwenyewe, tanguliza shaba na weka bati mwisho kabisa, la sivyo litaungua kabla shaba haijaamka. Funika uso kwa vumbi la makaa ili hewa isiingie. Kila kipande unachoongeza kipashwe moto kwanza pembeni ya tanuri.

Kama huna kipimajoto, tumia nondo nyembamba iliyopashwa moto. Ichovye, itoe. Ikirudi na shaba imeganda juu yake, bado. Ikirudi safi, na uso wa shaba una rangi ya chungwa inayoelekea manjano, ondoa mavi ya juu kwa upawa mkavu na umimine. Simama juu ya mchanga mkavu, si sakafu ya zege, kwa sababu zege ina unyevu ndani na hurusha vipande ikimwagikiwa. Viatu vya ngozi, suruali iteremke nje ya viatu, nguo za pamba, miwani, na mtu wa pili wa kushika koleo. Mimina bila kukatisha mpaka shaba ionekane juu ya kichwa. Kisha ondoka. Acha masaa matatu hata kama vidole vinakuwasha kufungua.

Kutoboa

Kata kichwa kwa msumeno, utazame uso uliokatwa. Ukiona vishimo kwenye kichwa lakini hakuna kwenye shingo, kimefanya kazi yake. Funga mtutu kwenye mashine ya kukereza, sawazisha nje, rudisha mikanda ya mapambo, halafu toboa mdomo kwa keekee ya milimita 13.

Angalia kinachozunguka hapo: ni mzinga, keekee imetulia. Hapo zamani walisubu mtutu ukiwa na tundu tayari, kwa kuweka kiini katikati ya kalibu, na kiini kikihama kidogo tundu linakwenda upande. Katika karne ya 18 Jean Maritz, Mswisi aliyeingia utumishi wa Ufaransa, alieneza njia ya kusubu mtutu mzima bila tundu kisha kuuzungusha mbele ya keekee isiyozunguka. Tundu likanyooka, na tufe likaweza kukaribiana na ukuta bila nafasi kubwa ya hewa.

Utahisi joto. Lisikuchukize, kwa sababu joto hilo limeingia kwenye fizikia. Mwanasayansi Count Rumford, akisimamia karakana ya mizinga mjini München, alishangaa kuona mzinga unaotobolewa hauishiwi joto. Akachukua keekee butu makusudi, akazamisha kazi ndani ya sanduku la maji, karibu kilo 8 na nusu, farasi wakazungusha. Baada ya saa mbili na nusu maji yakachemka, moto haupo. Mwaka 1798 alitangaza kwamba joto si kitu kinachofichwa ndani ya chuma kama maji ndani ya sifongo, bali linatoka kwenye mwendo wenyewe. Mjomba aliniomba niwaambie vijana habari hii kabla ya nyingine zote. Wewe weka mafuta ya kukatia na upumzishe keekee.

Mtutu wa kwanza umekwisha hapo. Piga tupa mishikio, weka kishimo cha kuwashia, uache.

Kuufanya wa kisasa

Wa pili unaanza na michirizi. Mwaka 1858 Ufaransa ilikubali mfumo wa La Hitte: mitutu ya shaba inayojazwa mdomoni ilikatwa michirizi ya kuzunguka, sita kwa mizinga ya kawaida ya uwanjani, na kombora refu likavishwa vifungo vya zinki vilivyoingia ndani ya michirizi hiyo. Zinki ilichaguliwa kwa kuwa ni laini, haiikwaruzi shaba. Mwaka uliofuata mizinga hiyo ilikuwa vitani Italia, Magenta na Solferino. Hekima yake ilikuwa ya kifundi kabisa: mitutu iliyokuwa ghalani iliweza kukatwa michirizi na kurudi kazini bila kusubiri viwanda vipya vya chuma cha pua.

Toboa mdomo wa mtutu wako upya kwa keekee ya 14. Gawa duara mara sita, nyuzi 60 kila moja, na ukate kwa tupa ya sindano michirizi yenye kina cha nusu milimita, ikiinama kidogo kuelekea kulia inapoingia ndani. Acha alama za tupa. Usizipige msasa.

Michirizi peke yake haikutosha. Mwaka 1870, Ufaransa ilipopigana na Prussia, shaba yake ya kujazwa mdomoni ilikutana na chuma cha pua cha Krupp, mfua mizinga wa Kijerumani, kinachojazwa nyuma, na Septemba mwaka ule Sedan ikaanguka. Paris ilipozingirwa, wananchi walichangishana fedha na karakana za mjini zikasubu mizinga ya shaba ya Reffye inayojazwa nyuma. Kizibo chake ndicho sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kata kitako chote cha mviringo, toboa kina cha milimita 25 kwa ndani, kata nyuzi za skrubu za milimita 20. Kereza kizibo cha kuingia humo. Sasa gawa kizibo sehemu sita na uondoe nyuzi kwenye sehemu tatu, moja ndiyo moja siyo. Fanya vivyo hivyo ndani ya kitako. Kizibo kitateleza moja kwa moja hadi mwisho, nyuzi zikipita penye uwazi, na kwa sita ya mzunguko tu kitafunga. Mpiga mzinga hakuwa na muda wa kuzungusha skrubu mara kumi na mbili. Nilitumia siku mbili kwenye kizibo hiki kwa tupa, na nilipokisikia kinafunga nilimwita jirani wa duka la pili aje asikie.

Ulaini ulibaki, na aliyeupatia dawa alikuwa Franz von Uchatius wa karakana ya Wien (Vienna). Austria-Hungary haikutaka kumtegemea Krupp, na shaba ilikuwa nayo. Uchatius alipunguza bati hadi karibu asilimia 8, akasubu ndani ya kalibu nene ya chuma ili shaba igande haraka, kisha akasukuma ndani ya tundu vigingi vya chuma kigumu kwa mashine inayosukuma kwa nguvu ya maji, kila kigingi kinene kidogo kuliko kilichotangulia. Tundu likapanuka bila kukatwa, na ukuta wake wa ndani ukawa mgumu. Mzinga wa uwanjani wa 1875 ulitoka hapo, na baadaye ile mikubwa ya 1880 ya sentimita 12, 15 na 18 kwa ajili ya kuzingira na kulinda ngome. Mizinga ya 1880 bado ilikuwa Przemyśl, ngome ya Austria-Hungary iliyo Poland ya leo, vita vya kwanza vya dunia vilipoanza. Ngome ile ilisalimu amri tarehe 22 Machi 1915, watetezi wakiwa wameharibu silaha zao wenyewe.

Jambo hili usilisimulie tu, lionyeshe. Chukua bushi mbili za shaba nyeusi zilizotoka kwenye kipande kimoja, nje milimita 50, ndani 25.2. Moja iache. Ya pili weka juu ya bomba chini ya jeki ya kubania, paka mafuta, na usukume ndani yake gololi ya beringi ya milimita 25.4. Funika kwa gunia na usimame pembeni, kwa sababu gololi ikitoka hutoka kwa nguvu. Pima tundu: limepanuka, lakini halikufika 25.4, shaba imejikunja kurudi kidogo. Sasa zikate zote mbili kwa urefu na upitishe tupa ileile ukutani kwa ndani. Kwenye bushi ya kwanza tupa inang'ata. Kwenye ya pili inateleza kwanza, halafu ndiyo inaingia. Miaka mingi nilikuwa nagonga bushi za kingipini nikijua kwamba shaba iliyobanwa hukakamaa, bila kujua kwamba himaya nzima ililinda mipaka yake kwa maarifa hayo. Bushi hizo mbili zilizokatwa huwa naziweka mezani kando ya mitutu, na vijana huzishika kabla ya kuigusa mizinga yenyewe.

Gari, rangi, na mahali pa kukaa

Gari la mtutu wa kwanza liwe la mvule, fupi, lenye magurudumu madogo. La pili liinue juu kidogo, ili mdomo upite juu ya ukingo wa ukuta. Usitumie muda mwingi hapa.

Usiing'arishe shaba kwa dawa ya kung'arisha. Safisha mafuta kwa sabuni, kausha, kisha ifungie ndani ya ndoo yenye kifuniko pamoja na mayai matatu yaliyochemshwa na kupondwapondwa, yasiiguse. Harufu ya yai inaleta kahawia kwenye shaba kwa siku mbili au tatu. Ukiridhika paka nta ya nyuki kwa kitambaa cha uvuguvugu. Kama una bahati ya kutunza mzinga wa kweli popote, usiuguse kwa yai wala kwa msasa. Ukiona unga wa kijani kibichi hafifu unaochipuka kwenye vishimo, hiyo ni chumvi inayokula shaba kutoka ndani, itengwe na unyevu na aitwe mtaalamu wa makumbusho.

Masikio yakamate kwa vibano vya shaba na skrubu za shaba. Usitumie skrubu za chuma, maana penye unyevu wa Kampala chuma kinachogusa shaba kinakufa haraka na kuacha doa jekundu linalopanda kwenye mtutu. Chini ya gari gonga mhuri wa mwaka uliosubu, ili miaka mia ijayo asije mtu akadhani ni wa Baker.